Mwaka Tanga Ilipobeba Makombe Yote Mawili: Coastal, Sports na Zile Barabara Mbili za Ngamiani

Muulize kijana yeyote wa mjini ni timu gani ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Atakwambia Simba. Ukimwambia siyo, atasema basi Yanga. Ukimwambia siyo tena, ataanza kukuangalia kama unamletea utani. Jibu ni Coastal Union ya Tanga. Sasa muulize na swali la pili: ubingwa wa Muungano mwaka huohuo ulikwenda wapi? Hapo hata wazee wengine hunyamaza kidogo. Ulikwenda African Sports. Ya wapi? Ya Tanga hiyohiyo.

Mwaka mmoja, mji mmoja, makombe mawili makubwa kuliko yote nchini, na timu mbili ambazo makao yao yapo barabara zinazofuatana pale Ngamiani. Coastal wako Barabara ya 11, Sports wako Barabara ya 12. Shabiki wa huku akicheka, shabiki wa kule anasikia. Dar es Salaam mwaka ule ilibaki mikono mitupu, na mashabiki wa Kariakoo wakalala na viatu.

Kwa waliozaliwa juzi, ufafanuzi kidogo. Enzi hizo ligi ya Bara iliitwa Ligi Daraja la Kwanza, na bingwa wake ndiye aliyekuwa bingwa wa Tanzania Bara. Halafu zile timu zilizofanya vizuri Bara zilikutana na wenzao waliofanya vizuri Zanzibar, zikacheza Ligi ya Muungano. Kwa hiyo nchi ilikuwa na ngazi mbili za ubingwa, na timu moja ingeweza kuchukua ngazi ya kwanza, nyingine ikaja kuikalia ya pili. Ndicho kilichotokea 1988. Coastal wakapanda wakashangilia Bara, na jirani yao akatoka nyuma akabeba Muungano. Fikiria kuishi kwenye mji ambao kila mtu ni bingwa na kila mtu ana hasira na jirani yake.

Hiyo hasira ndiyo stori yenyewe. Watu wengi wakielezea soka la Tanga wanaanza na hela: mkonge ulikuwepo, viwanda vilikuwepo, timu zikawa nzuri, mkonge ukafa, viwanda vikafungwa, timu zikafa. Inaingia akilini haraka, tatizo ni kwamba tarehe zinaikataa.

Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani mmoja aitwaye Richard Hindorf. Miche ilisafirishwa kutoka Florida kupitia Ujerumani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo miche 62 yakazaliwa mashamba ya Korogwe, Muheza, Pangani na kwingineko, reli ikavutwa kupanda Usambara mpaka Moshi, bandari ikachangamka, na Tanga ikajaa watu wa kila kabila waliokuja kukata mkonge na kupakia meli. Kilele kilikuwa miaka ya 1960. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 na kuongoza dunia. Lakini baada ya hapo nailoni ikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji haukufika hata robo ya ule wa 1964. Sasa angalia kalenda. Coastal na Sports walibeba makombe 1988. Mkonge ulikuwa umeshalala chali.

Kwa hiyo hela ya mkonge peke yake haielezi kitu. Ilijaza mji, kweli. Ilileta watu, ikawajengea nyumba Ngamiani na mitaa ya jirani, ikawapa Jumamosi ya kupumzika na sababu ya kwenda uwanjani. Ila kilichozigeuza timu mbili za mtaani kuwa mabingwa wa nchi ni kitu ambacho mji wa Tanga ulikuwa nacho kabla hata ya mpira: ugonjwa wa kushindana.

Rudi nyuma kabisa, wakati wa vita vya kwanza vya dunia na miaka iliyofuata. Pwani nzima, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, watu walikuwa wamegawanyika kwenye vyama vya ngoma ya beni. Upande mmoja Marini, upande mwingine Arinoti. Walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakapita mitaani na tarumbeta, na lengo kubwa lilikuwa moja tu: kumfunika yule mwingine. Karamu ikifanywa na hawa, lazima wale wafanye kubwa zaidi, hata kama ni kwa kukopa. Wazungu walikuwa wakiandika ripoti kulalamika kwamba watu wanafilisika kwa ajili ya mashindano. Wenyewe walikuwa wanaona raha.

Ngoma ikapita, tabia ikabaki. Miaka ya 1960 na 1970, Tanga ilikuwa mji wa muziki kwelikweli, na huko nako mambo yalikwenda wawiliwawili. Kwenye dansi kulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Kwenye taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, na Lucky Star wenyewe walitokana na kumeguka kwa Black Star. Mnaosikiliza taarabu mnajua sauti ya Shakila. Lucky Star ni miongoni mwa sehemu ilikopitia. Ukiwa Tanga huwezi kuwa na kundi moja la kitu chochote kwa muda mrefu. Likitokea moja zuri, mwezi unaofuata watu wa barabara ya pili wanaanzisha la kwao.

Soka likaingia kwenye mkondo huohuo. Sports ndio wakongwe, na wanapenda kukumbusha. Wanajiita Wana Kimanumanu, na shabiki wao wa kweli haoni sababu ya kukueleza maana yake. Coastal wakaja rasmi 1948 na jina lao la utani likawa kubwa kuliko hata jina la klabu: Wagosi wa Kaya. Mgosi kwa lugha za huko, Kisambaa na Kibondei, ni mwanamume. Kaya ni nyumbani. Wanaume wa nyumbani, wenye mji. Ni jina la kichokozi ukilitazama vizuri, kwa sababu linamuuliza jirani: kama sisi ndio wenye nyumba, wewe ni nani?

Jina hilo lilikuja kutoka nje ya uwanja miaka ya mwanzo ya 2000, pale vijana wawili wa Tanga walipolichukua na kulifanya jina la kundi lao la hip hop. Wengi wa kizazi cha sasa walilisikia jina la Wagosi wa Kaya kwenye redio kabla ya kujua kuna timu. Na wimbo wao "Tanga Kunani" ulikuwa unauliza swali ambalo mji mzima ulikuwa unajiuliza: viwanda vimekwenda wapi, mbona mji umepoa? Yaani waliochukua jina la timu ndio waliokuja kulilia mji. Kama kuna mtu anatafuta mada ya filamu fupi, hiyo hapo.

Turudi 1988. Kikosi cha Coastal cha mwaka ule kilikuwa cha vijana waliokuwa wanajuana kwa majina ya nyumbani. Mmoja wa washambuliaji wake alikuwa Juma Mgunda. Ndiyo, huyohuyo mnayemuona leo kwenye benchi la ufundi, mtaratibu kama mwalimu wa madrasa. Ushindi wao haukuwa bahati ya msimu mmoja iliyodondoka kutoka mbinguni. Timu iliyokulia Barabara ya 11 ilijua kwamba ikifanya vibaya, kicheko cha kwanza hakitatoka Dar es Salaam. Kitatoka Barabara ya 12, kesho asubuhi, wakati wa kununua vitumbua. Mchezaji anayeogopa kwenda dukani baada ya kufungwa hacheki na mpira. Na mchezaji wa Sports aliyemuona jirani yake amebeba ubingwa wa Bara, unadhani aliingia Ligi ya Muungano na akili gani?

Ili kuelewa jinsi jambo lile lilivyokuwa gumu, angalia orodha ya mabingwa wa Bara waliotoka nje ya Dar es Salaam. Mseto ya Morogoro 1975. Tukuyu Stars ya Mbeya 1986, ambao walikuwa ndio kwanza wamepanda daraja. Coastal 1988. Mtibwa Sugar 1999 na 2000. Basi. Na Mtibwa ni timu ya kiwanda cha sukari, yenye mwajiri. Maana yake ni kwamba tangu Coastal, hakuna klabu ya wanachama kutoka mkoani iliyowahi kubeba tena ubingwa wa Bara. Zaidi ya miaka 35. Azam walipochukua 2014 watu walisema ufalme wa Simba na Yanga umevunjwa, lakini Azam nao ni wa Dar, na wana kampuni kubwa nyuma yao.

Hapa inafaa kupiga hatua ndefu kidogo, mpaka Japani, kwa sababu kule kuna mji mdogo ambao ungeweza kuwa binamu wa Tanga. Unaitwa Kashima. Uko ufukweni, kilomita kama 100 hivi kutoka Tokyo, na uliishi kwa kiwanda cha chuma cha Sumitomo. Timu ya kiwanda hicho ilikuwa ya kawaida tu. Mwaka 1991 wakamleta Zico, Mbrazili ambaye umri ulikuwa umeshakwenda, na watu wakacheka. Mwaka 1993 Wajapani walipoanzisha ligi yao ya kulipwa ya J.League ikiwa na timu 10, waliweka sharti ambalo makampuni hayakulipenda: timu itaitwa kwa jina la mji, na itajenga uhusiano na watu wa mji huo. Jina la kampuni likatoka mbele. Ikazaliwa Kashima Antlers. Mechi yake ya kwanza ya ligi, Zico akafunga mabao matatu. Ubingwa ukaja 1996, na baada ya hapo mingi tu, mpaka timu za miji mikubwa zikazoea kwenda Kashima kwa adabu.

Ukiziweka Kashima na Tanga pamoja, unaona kitu cha ajabu. Wajapani walikuwa na kiwanda na pesa, wakahangaika kuitafutia timu mji. Tanga ilikuwa na mji tayari. Ilikuwa na wanachama, mitaa, majina ya utani, matusi ya kiungwana na nusu karne ya uhasama wa kirafiki. Kile ambacho J.League ililazimisha kwa kanuni, Ngamiani walikuwa nacho bure tangu wakati wa mkoloni. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa mishahara mwezi ukiisha.

Na mambo yakaharibikia hapo. Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Viwanda vingine, vya chuma, mbao na sabuni, vikayumba au vikafa. Wakati huohuo mpira ulianza kuwa kazi. Zamani kijana wa Tanga aliajiriwa kwenye shirika la umma, anacheza jioni, maisha yanakwenda. Ajira ile ilipopotea, kipaji kikawa na njia moja tu: basi la kwenda Dar. Kuanzia hapo Tanga ikawa inazaa, Kariakoo inalea.

Timu zikaanza kuishi kwa wafadhili. Kila mpenzi wa soka mkoani anamjua mtu wa aina hii, hana haja ya kutajwa. Anaingia na gari zuri, anaahidi basi jipya, analipa kambi msimu mmoja, picha zinapigwa. Msimu wa pili anagombana na kiongozi fulani. Msimu wa tatu simu yake haipatikani, na wachezaji wanaambiwa wavumilie. Siyo Tanga tu, hiyo ni hadithi ya klabu za wanachama nchi nzima. Lakini Tanga iliumia zaidi kwa sababu zilikuwa mbili, na kila tajiri aliyejitokeza ilibidi achague barabara. Ule ushindani uliozaa makombe ukawa unagawa mfuko mmoja mdogo mara mbili.

Sports walizama kwanza, na kwa muda mrefu. Coastal nao wakapotea madaraja ya chini mpaka waliporudi Ligi Kuu 2011. Halafu msimu wa 2015/16 ikatokea kitu ambacho mashabiki waliomba miaka yote: Sports nao wakapanda. Ukijumlisha na Mgambo JKT, timu ya jeshi kutoka Handeni, mkoa wa Tanga ukawa na timu tatu Ligi Kuu kwa mpigo. Hakuna mkoa nje ya Dar ulioringa kama Tanga mwaka ule. Mkwakwani kila wikiendi kuna mechi. Wauza kahawa walifurahi.

Kilichofuata kinastahili kusomwa taratibu. Januari 2016, Yanga wanakuja Mkwakwani wakiwa hawajafungwa msimu mzima. Coastal wanawachapa 2-0. Miraji Adam anafunga la kwanza, Juma Mahadhi la pili. Aprili, Coastal wanakwenda Dar kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kuwatoa Simba 2-1. Yaani msimu mmoja umemfunga Yanga ligi na umemtupa nje Simba kombe. Nusu fainali ikapangwa Mkwakwani dhidi ya Yanga, mji ukafurika. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Yanga wakiongoza 2-1, na hapo vurugu zikaanza jukwaani. Vitu vikarushwa uwanjani, mwamuzi akamaliza mchezo kabla ya wakati, na Yanga wakapewa ushindi. Usiku mkubwa kuliko yote Mkwakwani kwa miaka mingi ukaishia kwenye chupa na mawe. Hapo hakuna wa kulaumiwa nje ya mji.

Na Mei, ligi ilipoisha, zilishuka timu tatu. Coastal Union. African Sports. Mgambo JKT. Zote tatu za Tanga, hakuna hata moja iliyobaki, wala hakuna hata moja ya mkoa mwingine iliyoshuka nazo. Ukitaka kutunga huwezi kuthubutu, mhariri angekwambia umezidisha. Mahadhi, yule aliyewafunga Yanga, akasajiliwa na Yanga hiyohiyo katikati ya mwaka. Basi la Dar halikuchelewa.

Mtu anayeweza kuwafunga Simba na Yanga halafu akashuka daraja siyo mtu asiyejua mpira. Ni mtu anayeamka siku za sikukuu tu. Mechi kubwa, uwanja umejaa, kila mchezaji anajua mawakala wanatazama, Coastal wanakuwa moto. Jumatano mchana dhidi ya timu ya mkiani, jukwaa tupu, posho haijatoka, wanakuwa wengine kabisa. Ligi haishindwi kwa sikukuu.

Coastal walirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19, na walirudi kwa kishindo cha aina yake. Wadau wa burudani mnakumbuka. Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, mkubwa haswa, mwenye sauti inayotoa watu machozi, ambaye siku zote alikuwa akisema angekuwa mwanasoka kama muziki usingemteka. Coastal wakamsajili, akaorodheshwa kabisa kama mchezaji wa Ligi Kuu. Mitandao ikawaka, nusu ya nchi ikajua Coastal imepanda, na nusu nyingine ikauliza Mkwakwani iko wapi. Wenye timu zao walibeza, wakasema ni kiki. Labda ilikuwa kiki. Lakini klabu isiyo na hela ya matangazo ikipata matangazo ya nchi nzima bila bango hata moja, huo siyo ujinga. Kashima walimleta Zico, Tanga wakaleta mtu wa kuimba. Kila mtu na uwezo wake.

Kazi ya kweli ilifanywa na yule mtaratibu wa 1988. Mgunda, sasa kocha, aliikusanya timu ya vijana na kuifanya ieleweke. Beki Bakari Mwamnyeto alitoka hapo kwenda Yanga mwaka 2020 na akaja kuwa nahodha wao. Halafu Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho, Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Coastal dhidi ya Yanga iliyokuwa tayari bingwa wa ligi bila kufungwa. Mpira uliisha 3-3 baada ya dakika 120. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, maarufu Sopu. Mabao matatu kwenye fainali, dhidi ya Yanga, halafu unapoteza kwa penalti. Kuna watu Tanga mpaka leo wakitajiwa Arusha wanabadilisha mada.

Mwezi huohuo Sopu akaenda Azam. Septemba, Mgunda akaitwa Simba kushika timu iliyokuwa imepoteza kocha, na akaipeleka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kocha na mfungaji wakaondoka ndani ya miezi mitatu. Dar ilikuwa imeshindwa kuifunga Coastal kwa dakika 120, ikaimaliza kwenye dirisha la usajili.

Hata hivyo timu haikufa safari hii. Msimu wa 2023/24, chini ya kocha Mkenya David Ouma, Coastal walimaliza nafasi ya nne, na kipa wao Mkongomani Ley Matampi akachukua tuzo ya kipa bora wa ligi mbele ya Djigui Diarra wa Yanga. Nafasi ya nne ikawapa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, baada ya zaidi ya miaka 30 bila kucheza Afrika. Wakapangwa na Bravos do Maquis ya Angola. Ugenini wakala tatu bila. Marudiano 0-0. Safari ikaishia hapo, na kilichouma kuliko matokeo ni kwamba mechi ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam. Mtoto wa Tanga aliyesubiri maisha yake yote kuona mechi ya Afrika ya timu yake aliiona kwenye simu.

Wakati huohuo Mkwakwani ilikuwa imeshaonja sherehe kubwa, ila ya watu wengine. Agosti 2023 mashindano ya Ngao ya Jamii yalipelekwa Tanga: Simba, Yanga, Azam na Singida. Fainali ikawa Simba na Yanga, na Simba wakabeba kwa penalti. Mji ulipendeza. Nyumba za wageni zilijaa, madereva wa bodaboda walikula kuku, nyekundu na kijani na njano kila kona. Watu wa Ngamiani walitoka kwa maelfu wamevaa jezi. Na zile jezi, wengi wao, walikuwa nazo nyumbani siku nyingi.

Hilo ndilo jambo ambalo halisemwi kwa sauti. Coastal wakiwakaribisha Simba au Yanga, jukwaa la Mkwakwani linagawanyika, na sehemu kubwa ya wanaowashangilia wageni hawakuja na basi kutoka Dar. Wametoka Chuda, wametoka Makorora, wametoka Barabara ya 11 yenyewe. Utasikia mtu anasema mimi ni Coastal, lakini Simba ndiyo timu yangu. Zamani sentensi hiyo ingekuwa na Sports mahali pa Simba, na isingewezekana mtu kuwa na zote mbili. Mgawanyiko wa mji bado upo, Tanga haiwezi kuishi bila Marini na Arinoti wake. Ila siku hizi Marini na Arinoti wanakaa Msimbazi na Jangwani.

Ndiyo maana wanaodhani dawa ya Coastal ni tajiri mpya wanaona nusu tu. Tajiri atalipa mishahara, na mishahara inahitajika mno. Lakini Coastal iliyobeba ubingwa ilikuwa na kitu ambacho tajiri hawezi kukinunua dukani: jirani mwenye nguvu sawa, aliyekuwa akiichungulia kila siku kutoka barabara ya pili. Sports wakiwa dhaifu, mtoto wa Barabara ya 12 hana sababu ya kubaki nyumbani kihisia, anachagua jezi ya Kariakoo. Na wa Barabara ya 11, akikosa wa kutambiana naye, anamfuata. Viongozi wa Coastal hawatalipenda hili, lakini pengine uwekezaji bora kwa timu yao ungekuwa kumsaidia jirani apande.

Kwa sasa Sports wanahangaika kwenye madaraja ya chini, na tangu msimu ule wa 2015/16 wa balaa, Coastal na African Sports hawajakutana tena kwenye Ligi Kuu.